Likasi na Vyombo vya Majini

Wasomaji wetu wa mbali, wakisikia jina la Likasi, hufikiri mara moja shaba, mabomba marefu ya viwanda, na gari la moshi. Meli haziwajii akilini hata kidogo. Nao wana haki, maana kutoka Likasi mpaka bahari iliyo karibu ni zaidi ya kilomita elfu moja, na watu wengi wa mji huu huzaliwa, huoa na kuzeeka pasipo kuonja maji ya chumvi. Lakini mtu akitaka kujua kwa nini mji huu ulikua upesi, na kwa nini baadaye uliona njaa, hana budi kuifuata shaba mpaka ukingoni mwa maji, na kutazama jinsi inavyopakiwa chomboni. Mahali pale ndipo bei yake inapogawanywa.

Basi twataka kueleza habari za vyombo hivyo: mitumbwi, matishari, meli za mito na meli za bahari, vilivyotumikia migodi yetu tangu zamani. Neno letu kuu ni hili: mali iliyo ardhini haina bei mpaka ipate njia ya kutokea, na mwenye njia hula kabla ya mwenye shimo.

Mzigo wa kichwani

Kabla Wazungu hawajafika, wazee wa nchi hii walijua kuchimba shaba na kuiyeyusha. Waliimimina katika kalibu wakapata vipande vyenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo haikuwa alama ya dini. Ilikuwa mali ya kutunza, na mahali pengine ilitumika kama fedha. Mwaka wa 1957 wataalamu walianza kufukua makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, mahali Lualaba inapopita katika mabwawa ya Upemba. Katika makaburi ya zamani sana walikuta mapambo ya shaba, na katika yale ya nyakati za baadaye walikuta misalaba midogo. Sasa, Kisale hakuna mgodi wa shaba. Shaba ile ilitoka nchi ya juu, upande wa kusini, yaani huku kwetu. Watu wa Kisale walikuwa na samaki na mitumbwi. Watu wa huku walikuwa na shaba. Twaona basi kwamba urafiki wa shaba na maji ni wa kale kuliko kampuni yoyote.

Katika karne ya 19 alikuja Msiri kutoka Unyamwezi, akaweka makao yake Bunkeya, kaskazini ya Likasi. Alitawala biashara ya shaba, chumvi, pembe za ndovu, na kwa huzuni twasema pia, biashara ya watu, mpaka alipouawa mwaka wa 1891. Misafara yake ilikwenda mashariki mpaka pwani ya Wasuaheli, na magharibi mpaka pwani ya Wareno. Mizigo yote ilikwenda kichwani na mabegani mwa watu.

Tufanye hesabu kidogo. Mpagazi mmoja akibeba kilo 30, tani moja ya shaba yahitaji wapagazi 33 na zaidi, nao wote hula kila siku ya safari. Tishari moja la kuchukua tani 500 hufanya kazi ya wapagazi zaidi ya 16,000. Tena tishari halili, halichoki, wala haliachi mjane nyumbani. Hesabu hiyo yatosha kueleza kwa nini waliokuja kutafuta shaba ya Katanga waliulizana kwanza habari za mito.

Shimo la mmoja, njia ya mwingine

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1910, reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mwaka wa 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa hapo. Tani zake zilikuwa kama elfu moja tu. Mwaka wa 1913 reli ilifika Kambove, na ndipo sehemu zetu zilipoanza kuamka. Mji wetu ulikua, Wabelgiji wakauita Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa waanzilishi wa kampuni. Jina hilo lilidumu mpaka mwaka wa 1966, ndipo lile la Likasi liliporudi.

Reli hiyo ya kwanza ilipita katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza, ikafika bandari ya Beira katika Msumbiji. Makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalitoka Wankie, katika nchi hiyo hiyo. Wabelgiji wakajikuta katika hali ya mtu aliye na shamba zuri, lakini kijia cha kwenda sokoni kinapita uani kwa jirani. Jirani akipandisha ushuru, hulipa. Jirani akigombana naye, mavuno huoza. Kwa hiyo walitafuta njia ya kupita ndani ya Kongo yenyewe, na katika nchi kubwa namna hii, yenye misitu na mabwawa, njia iliyokuwa tayari ilikuwa maji.

Meli za Bukama

Mto Lualaba hupitika kwa meli kutoka Bukama mpaka Kongolo, mwendo wa kilomita kama 640. Mbele yake kuna maporomoko. Kampuni ya reli iliyoitwa kwa kifupi CFL, iliyoundwa mwaka wa 1902, ilitia meli mahali penye maji matulivu, na kujenga vipande vya reli kando ya maporomoko. Mwaka wa 1915 ilimaliza reli ya kilomita 273 kutoka Kabalo mpaka Kalemie, penye ziwa Tanganyika. Nayo reli ya Katanga ilifika Bukama mwaka wa 1918. Tangu hapo mzigo wa Likasi uliweza kwenda kwa gari la moshi mpaka Bukama, kwa meli mpaka Kabalo, kwa reli mpaka Kalemie, kwa meli ya ziwani mpaka Kigoma, na kwa reli ya Tanganyika mpaka Dar es Salaam. Mwaka wa 1921 Waingereza na Wabelgiji walipatana, Wabelgiji wakapewa sehemu yao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja tu kwa mwaka.

Njia hiyo ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwa ajabu wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Mwaka wa 1915 Waingereza walileta mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, kutoka Afrika ya Kusini. Zilikuja juu ya mabehewa kwa reli ya Katanga mpaka Fungurume, mwisho wa reli wakati ule. Kutoka hapo zilivutwa kwa mashine za mvuke na kwa ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, kisha zikateremka Lualaba na kuingia ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka mashua ya Wajerumani iitwayo Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Katanga yetu isiyo na bahari ikapitisha meli za vita nchi kavu!

Lakini vita hupita, na kazi ya kila siku hubaki. Meli za Lualaba zilisukuma na kuvuta matishari. Mbele ya chombo alisimama mtu mwenye fito ndefu, akipima kina cha maji na kumwambia nahodha palipo na fungu la mchanga. Penye Kisale mafunjo yaliziba mfereji, yakapasa kukatwa mara kwa mara. Kila mahali pa kutua palikuwa na marundo ya kuni, maana meli za mvuke zilikula kuni kama moto wa nyika. Kuni hizo zilikatwa na wanaume wa vijiji vya kando ya mto, kwa ujira mdogo, na mara nyingi kwa kulazimishwa. Jasho lao lilikuwa sehemu ya bei ya shaba, ijapokuwa halikuandikwa katika daftari yoyote ya kampuni.

Watu na chakula chao

Wengi hudhani kazi ya vyombo ilikuwa kutoa shaba tu. Kumbe kazi ya kuingiza vitu ilikuwa kubwa vile vile. Mgodi ni kama mtoto mchanga: hautoi kitu mpaka umelishwa.

Kwanza uliwahitaji watu. Nchi yetu ilikuwa na wakaaji wachache, na tangu mwaka wa 1910 palikuwa na ofisi maalumu ya kutafuta wafanyakazi. Wengine walitoka Rhodesia ya Kaskazini, wengine Lomami, Maniema na Kasai. Tangu mwaka wa 1925 walitafutwa pia Ruanda na Urundi. Hao walivuka ziwa Tanganyika, wakashuka Kalemie, wakapanda Lualaba kwa meli mpaka Bukama. Watu waliozoea baridi ya milima walijikuta katika joto la mtoni na msongamano wa kambi, na wengi waliugua, wengine wakafa katika miezi ya kwanza. Waliosalia wakajenga mji pamoja na wenyeji. Kiswahili chetu cha Katanga, chenye maneno ya makabila mengi, kilikomaa katika makambi hayo na katika mabehewa na meli zilizowaleta watu.

Pili, watu hao walihitaji kula. Samaki wakavu wa Upemba na mafuta ya mawese ya Kabalo na Kongolo yalipanda mto mpaka Bukama, yakaingia katika gari la moshi la kuja migodini. Upande wa Luapula, huko Kasenga, wachuuzi Wagiriki walikuwa na mashua zilizobeba barafu, wakileta samaki wabichi Elisabethville. Mvuvi wa Kisale, ambaye pengine hakuona mgodi maisha yake yote, alimlisha mchimbaji, na meli ndiyo iliyowaunganisha. Chombo kilipochelewa, posho ilipungua na bei sokoni ilipanda. Mama wa nyumbani aliijua habari ya kina cha Lualaba kwa kutazama fungu la samaki.

Kasai na Lobito

Njia ya Dar es Salaam ilikuwa na kasoro moja kubwa. Hesabu mwenyewe, msomaji: mzigo ulihamishwa Bukama, tena Kabalo, tena Kalemie, tena Kigoma, na mwisho Dar es Salaam. Mara tano! Kila kuhamisha ni mikono ya kulipwa, siku za kungoja, na vitu vya kuvunjika au kuibiwa.

Wabelgiji wakajenga reli nyingine, ya kampuni ya BCK, kutoka Bukama mpaka Ilebo penye mto Kasai, mahali palipoitwa wakati ule Port-Francqui. Ilifunguliwa mwaka wa 1928, na Mfalme Albert alikuja mwenyewe. Kutoka Ilebo matishari yaliteremka Kasai na mto Kongo mpaka Kinshasa, mwendo wa kilomita kama 800, na huko mzigo ulipanda reli ya kilomita 366 kwenda Matadi. Mwendo wote kutoka Likasi ulikuwa kama kilomita 2,600, na mzigo ulihamishwa mara tatu: Ilebo, Kinshasa na Matadi. Waliiita njia ya taifa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1931, reli ya Benguela iliyoanzishwa na Mwingereza Robert Williams iliunganishwa na reli ya Katanga. Shaba ya Likasi ikaweza kufika Lobito, bandari ya Angola, kwa mwendo wa kilomita kama 2,000, na kuhamishwa mara moja tu, kutoka behewa kuingia melini.

Mfanyabiashara angechagua ipi? Bila shaka Lobito. Hata hivyo serikali ya Wabelgiji ilitaka sehemu kubwa ya shaba ipite Ilebo na Matadi. Sababu yake haikuwa kupenda mto Kasai. Reli ya BCK, meli za mtoni, gati za Matadi, na meli za Compagnie Maritime Belge zilizokwenda Antwerp, zote zilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, ama serikali yao ama kampuni zao. Viwanda vya kusafishia madini vilikuwa Hoboken na Olen katika Ubelgiji. Fedha ya uchukuzi iliyotoka mkono mmoja iliingia mkono wa pili wa mtu yule yule. Bali njia ya Lobito ingewapa sehemu yao Wareno na Waingereza. Twaona hapa waziwazi kazi ya vyombo katika uchumi: uchukuzi haukuwa gharama tu; ulikuwa mlango wa kuingizia faida. Mfanyakazi wa Likasi alipokea mshahara wa kuchimba na kuyeyusha. Faida ya kubeba, kuwekea bima, kusafisha na kuuza ilibaki njiani, na njia ilikuwa ndefu.

Mawe ya Shinkolobwe

Karibu na Likasi, upande wa magharibi, kuna Shinkolobwe. Huko mwaka wa 1915 yaligunduliwa mawe yenye urani. Mwanzoni yalitafutwa kwa sababu ya radi, kitu kilichouzwa kwa bei ya kutisha kwa ajili ya hospitali; kiwanda chake kilijengwa Olen mwaka wa 1922. Urani yenyewe ilionekana karibu haina faida.

Mwaka wa 1940 vita vilipokwisha kuingia Ubelgiji, mkuu wa Union Minière, Edgar Sengier, aliamuru mawe yapelekwe Marekani. Kama tani 1,200 zilisafiri katika mapipa, zikawekwa ghalani Staten Island, penye bandari ya New York. Zilikaa huko karibu miaka miwili, mpaka Septemba 1942 jeshi la Marekani lilipozinunua. Mawe mengine yalifuata baadaye. Watu waliogopa wapelelezi katika Angola, basi mizigo ikaacha Lobito na kupita Ilebo, Kasai, Kinshasa na Matadi. Shehena moja ilizamishwa baharini na nyambizi ya Wajerumani.

Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani wakati ule ilitoka Shinkolobwe. Tarehe 6 Agosti 1945 dunia nzima ikajua kazi yake, huko Hiroshima. Wachimbaji hawakuambiwa kitu, wala mabaharia wa Kasai waliokaa juu ya mapipa yale wakipika ugali wao. Twaandika haya ili watu wafahamu kwamba chombo hakiulizi kilichomo tumboni mwake. Ni wajibu wa wanadamu kuuliza.

Maji yanayotoa umeme

Tusisahau umeme, maana bila huo Likasi isingekuwa Likasi. Kiwanda cha Shituru, kinachosafisha shaba kwa nguvu ya umeme, kilianza mwaka wa 1929. Mwaka uliofuata, 1930, mitambo ya Mwadingusha katika mto Lufira ilianza kukipa nguvu. Baadaye zikafuata Koni katika Lufira, na Nzilo na Nseke katika Lualaba. Mashine za kuzungushwa na maji, nyaya na vyuma vizito vilitoka Ulaya kwa meli. Ndivyo vyombo vilivyoleta umeme, sehemu baada ya sehemu.

Boma la Mwadingusha lilizuia maji, likafanya ziwa Tshangalele. Hivyo nchi yetu ilipata ziwa la kutengenezwa na watu, na juu yake mitumbwi ya wavuvi. Samaki wake huuzwa masoko ya Likasi mpaka leo. Lakini maji machafu ya viwanda vyetu hushuka kwa mto Panda mpaka Lufira, na kutoka Lufira huingia ziwani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameona metali za migodi katika ziwa hilo, hata ndani ya samaki. Ziwa lililozaliwa na shaba lalisha mji, na shaba hiyo hiyo yalitia sumu. Haya si mambo ya kunyamaziwa na watu wanaopenda watoto wao.

Milango ilipofungwa

Baada ya uhuru, mali ya Union Minière ilichukuliwa na taifa tarehe 1 Januari 1967, na kampuni ikaja kuitwa Gécamines. Mwaka wa 1974 reli zote za upande wetu ziliunganishwa katika shirika moja la taifa. Watu walifurahi, wakisema: sasa shimo ni letu. Lakini mwaka wa 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela. Shaba ikabaki na Ilebo, ambako Kasai ilizidi kujaa mchanga, na njia ndefu ya kusini mpaka bandari za Afrika ya Kusini. Matishari ya Lualaba nayo yalikuwa yamekwisha kupoteza kazi yao kubwa tangu mwaka wa 1956, reli ya Kamina mpaka Kabalo ilipomalizika. Tukawa na shimo, ila kijia cha sokoni kikapita tena uani kwa majirani, na mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hatusemi kwamba njia peke yake ndiyo iliyoiangusha Gécamines. Bei ya shaba ilishuka, fedha ya kutengenezea mitambo ililiwa, na mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto huko Kolwezi uliporomoka. Lakini kila tani iliyochelewa Ilebo au mpakani ilikuwa fedha isiyorudi kazini. Mwaka wa 1986 kampuni ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka wa 1994 haikufika hata 35,000.

Katikati ya anguko hilo likatokea jambo la kuumiza. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Katanga. Hapa Likasi maelfu yao walilala penye stesheni, wazee na watoto, wakingoja gari la moshi kwa majuma na miezi, na wengine walikufa wakingoja. Wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa wale waliojenga viwanda. Reli iliyotengenezwa ili shaba ifikie matishari ya Ilebo ikapakia wanadamu kama shehena isiyotakiwa. Watu wakinyimwa mkate hutafuta wa kumlaumu, na huanza na jirani. Tulikumbuke jambo hilo pasipo chuki, ila tulikumbuke.

Neno la kufikiri

Siku hizi shaba imerudi kwa wingi. Kongo hutoa zaidi ya tani milioni mbili kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia yote. Sehemu kubwa hupita katika malori, yakipanga foleni ndefu Kasumbalesa kuelekea Dar es Salaam, Durban na bandari nyingine. Reli ya Lobito imefunguliwa tena, na mwaka wa 2024 shaba ya Katanga ilikuwa ikipakiwa huko kama zamani. Wageni wanashindana juu ya njia zetu, kama walivyoshindana mwaka wa 1931.

Nchi yetu ina mfano mwingine wa jambo hili, mbali na hapa, huko Moanda, kwenye pwani yetu nyembamba ya kilomita kama 40. Tangu mwaka wa 1975 mafuta hutolewa chini ya bahari. Minara inayosimama majini haiwezi kuishi siku moja pasipo vyombo vya kuihudumia: vyombo vya kuleta mabomba, maji ya kunywa, chakula na watu wa zamu, na meli za kupokea mafuta huko huko baharini. Ni kazi ile ile ya meli za Bukama: kulisha mtoto ili atoe mali. Na swali ni lile lile: vyombo ni vya nani, nani ni nahodha, nani hutengeneza mashine zake, na ujira wake hulala wapi?

Kwa hiyo, tunaposikia mikataba ya migodi ikisomwa redioni, tusiulize tu sehemu ya serikali katika shimo. Tuulize pia habari za uchukuzi. Mchanga wa Kasai uondolewe, ili Ilebo isiwe makaburi ya matishari. Mfereji wa Lualaba usafishwe, ili wavuvi na wakulima wa Upemba wapate tena soko la Likasi. Bandari ya Kalemie itengenezwe. Vijana wetu wafundishwe unahodha, uchomeleaji na ufundi wa mashine za meli, kama wanavyofundishwa udereva. Kazi hizi hazing'ai kama shaba, lakini hubaki mikononi mwa watu hata mgodi ukiisha.

Nasi wazazi tuwaeleze watoto habari hizi. Wajue kwamba mji wao ulijengwa na mchimbaji, na mkata kuni wa Lualaba, na mpima kina mwenye fito yake, na mvuvi wa Kisale, na Mnyarwanda aliyefia kambini kabla ya kupokea mshahara wa kwanza. Majina yao hayakuandikwa penye gati lolote. Shaba waliyoipakia ilikwisha kufika ng'ambo zamani, nasi bado twangoja sehemu yetu ya safari.